Magunia Mabichi ya Thadei

Binamu yangu Thadei alihamia Mpanda kutoka Karema akiwa na mke, mzigo wa nyavu kuukuu na ubishi. Mke aliitwa Bibiana. Nyavu zilikuwa za migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, nzito, alizoziokota kwa wavuvi waliotaka kuzichoma moto. Ubishi alizaliwa nao. Mama yangu, ambaye ni shangazi yake wa damu, alikuwa akisema mtoto huyu ukimwambia kumekucha atatoka nje kwanza kuhakikisha.

Nimesema binamu, lakini neno hilo halitoshi. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, na utani wetu si wa kuchekeana tu barazani. Ni wa kuingia jikoni kwa mwenzako bila hodi, ukafunua chungu, ukala nyama na kumwachia mchuzi. Ni wa kumwita mwenzako mchawi mbele ya padri. Hakuna kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa na ndiye anayetozwa kuku. Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na Thadei kwa miaka zaidi ya hamsini, na yeyote anayetaka kumjua Thadei lazima aanzie kwenye matusi tuliyopeana, maana mapenzi yetu yote tuliyaweka humo.

Alijenga mtaa wa Makanyagio, nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba viwili na ua mpana. Mimi niko Majengo, natengeneza baiskeli. Mpanda hakuna ziwa, kwa hiyo hakuna nyavu za kuziba. Thadei akaihamishia sindano yake kwenye maturubai ya malori ya tumbaku. Alikaa jirani na kibanda changu, miguu ameinyoosha juu ya turubai, anashona na kunitukana, nami naziba pancha na kumjibu. Watu walikuja kutusikiliza. Wapo nadhani waliotoboa matairi yao wenyewe ili wapate sababu ya kukaa.

Yeye na Bibiana walizika watoto wawili kule Karema, wachanga, na hakuja mwingine. Nafikiri hilo ndilo lililowaondoa ziwani, ingawa Thadei hajawahi kutamka hivyo na mimi sikuwahi kumwuliza. Mtani anaruhusiwa kusema kila kitu isipokuwa kuuliza jambo la maana.

Ndege walianza kwa bahati. Jirani yao, Rosine, mama wa Kirundi aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, alimpa Bibiana jozi ya njiwa kwa sababu alimsaidia kuuguza mgonjwa. Wawili wakawa wanane, wanane wakawa kundi. Thadei akazitoa zile nyavu, akasimika nguzo kumi na mbili, akaufunika ua wote wa nyuma, juu hadi chini, neti mbili mbili ili kicheche asipitishe pua. Mle ndani njiwa aliweza kuruka kona hadi kona na kutua kwenye tawi kama ndege mwenye akili zake. Baadaye wakaongezeka kanga, na tetere wachache ambao walijileta wenyewe na kuingizwa. Nilimtangaza sokoni kwamba ndiye mvuvi wa kwanza duniani aliyevua njiwa.

Mwaka wa kwanza aliliezeka banda kwa bati. Mtu wa ziwani anajua joto, lakini joto lenye upepo. La Mpanda mwezi wa tisa na wa kumi ni jingine kabisa. Miti imepukutika, mashamba yanachomwa, moshi umetanda na hewa imegoma. Siku moja saa nane mchana njiwa saba walidondoka chini ya bati lile na hawakuinuka. Thadei alibisha. Alisema ni kideri, alisema ni nyoka, alisema Rosine ana jicho. Bibiana hakubishana naye. Alipanda juu ya kigoda, akaweka kiganja chini ya bati, akashuka, akasema, "Panda na wewe." Thadei akapanda. Jioni ile bati liling'olewa.

Tangu hapo alijifunza joto kama mtu anayejifunza lugha ya ukweni. Akaezeka nyasi, nene, na chini ya nyasi akaacha nafasi hewa ipite. Upande wa magharibi akapandisha mpasheni ukafunga neti yote kwa majani, kwa sababu jua la alasiri ndilo linaloua. Ardhini akafukia mabeseni ya udongo hadi nusu, maji ya kina cha kidole, ya kuoga na siyo ya kunywa. Ya kunywa yalikuwa kwenye vyungu, kivulini, nayo yalibadilishwa kabla hayajawa vuguvugu. Mahindi aliwapa alfajiri na jioni tu. Alisema punje kavu mchana zinachemsha tumbo, basi mchana walikula tango na maganda ya tikiti. Alinifundisha kwa nguvu, mimi ambaye sikumwomba, kwamba njiwa akifungua mdomo na kuachanisha mabawa na mbavu zake anaomba msaada, na kwamba ukimmwagia maji ya baridi mwili mzima utamwua kwa mshtuko. Unamlowesha miguu kwanza, kisha chini ya bawa, taratibu.

Lakini kazi kubwa ilikuwa ya magunia. Ziwani samaki akishavuliwa hufunikwa gunia bichi mpaka afike sokoni. Thadei alisema ikiwa gunia bichi linamfaa samaki aliyekufa, litamfaa zaidi ndege aliye hai. Akaomba kwa watu wa malori magunia ya katani yaliyokwisha kufungia tumbaku, siyo viroba vya nailoni, maana kiroba hakinywi maji, kinayatema. Akayafua siku tatu mpaka harufu ya tumbaku ikaisha. Akayaning'iniza upande wa mashariki unakotoka kile kiupepo kidogo tunachopewa, nje ya neti, akiacha umbali wa mkono mmoja. Upepo ukipita kwenye gunia bichi unafika ndani umepoa. Niliwahi kuingia mle saa saba mchana nikiwa nimetoka kwenye kibanda changu cha bati, nikakaa chini, nikakataa kutoka. Thadei aliniuliza kama na mimi nataga.

Magunia yalimwagiwa maji saa nne, saa sita na saa nane, na jioni yaliondolewa ili unyevu wa usiku usiwape ndege mafua. Maji yenyewe yalitunzwa kwenye pipa moja kubwa pembeni mwa banda, kwa kuwa bomba la mtaa hutoka likijisikia. Bomba likikataa, Thadei alijaza madumu manne kwenye baiskeli na kwenda kisimani. Nilimtengenezea baiskeli ile mara nyingi kuliko baiskeli yoyote Mpanda, bure, nikimtukana kila spoku.

Mzunguko wa saa nane ulikuwa wa Bibiana, maana saa hiyo Thadei yuko Majengo. Bibiana alichechemea, mguu wa kushoto uliwahi kuvunjika na ukaunga vibaya. Alitembea na kopo alilolitoboa kwa msumari, akinyunyiza magunia na kuwagombeza ndege mmoja mmoja kwa Kibende kama wanafunzi waliochelewa. Kanga mmoja alimwita mwalimu mkuu. Mimi niliuiga mwendo ule kila nilipofika kwao, na kopo, na sauti, na yeye mwenyewe alinicheka mpaka akashika mbavu. Nilimwiga vizuri sana. Kipaji hicho ninacho, sijui nilipewa cha nini.

Nami ndiye niliyesema, kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, mbele ya watu wamejaa, kwamba watoto wa Thadei hawahitaji kubatizwa kwa sababu wana manyoya. Thadei alijibu palepale, "Bora wangu wana manyoya, wa kwako wana mikia." Watu walicheka wakamwaga pombe. Bibiana naye alicheka. Sasa hivi ningependa kujua alicheka na nini, lakini nimechelewa.

Mwaka juzi mwezi wa kumi, Jumanne asubuhi, presha ilimpanda Bibiana akiwa anafagia. Alifikishwa hospitali akiwa bado anaongea. Saa tano akaacha kuongea, saa saba akafa.

Jumatano ndiyo tulimzika. Sasa niseme kazi ya mtani msibani, kwa sababu vijana wa siku hizi wanadhani ni vichekesho. Mtani ndiye anayechimba kaburi. Mtani ndiye anayebeba. Na mtani ndiye anayewachekesha wafiwa ili wasife na wao. Humwiga marehemu, huvaa nguo zake, hukamata kitu cha nyumba na kukataa kukitoa mpaka akombolewe. Kitu kilichokamatwa na mtani hakiguswi na mtu mwingine. Na mfiwa mkuu hukaa kwenye mkeka, haondoki, hashiki kazi, mpaka maiti azikwe. Ndiyo taratibu tulizozikuta. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa watani siku ile, na nilikuwa nimelia usiku kucha kwangu mpaka mke wangu Dorice akanihurumia, kwa hiyo niliingia Makanyagio nimedhamiria kuifanya kazi vizuri.

Nilifika saa nne. Magunia yalikuwa yanadondosha maji. Thadei alikuwa ameyalowesha mwenyewe kabla ya kukalishwa kwenye mkeka, kwa mara ya mwisho siku ile. Ua umejaa watu, wanawake wanalia, wanaume wamekaa wameinama. Mtu akikohoa unasikia. Nikaingia ndani nikavaa kitenge cha Bibiana na kitambaa chake cha kichwa, nikachukua lile kopo, nikatoka nachechemea.

Kwanza walinikodolea macho. Halafu nikaanza kuwagombeza waombolezaji mmoja mmoja kwa sauti yake. Wewe umechelewa. Wewe mdomo wazi, unaomba tango? Wewe mwalimu mkuu, kaa vizuri, nikamgusa Ambrosi, kaka yake Thadei, aliyekuja na basi kutoka Karema. Ambrosi akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka. Kicheko kikaenda ua mzima. Rosine alicheka akakaa chini. Hata wale waliokuwa ndani na maiti walitoka kuchungulia. Nasema kweli, sijawahi kufanya utani mzuri kama ule, na nilijiona nimempa Bibiana zawadi.

Ningeishia hapo. Lakini mchekeshaji akishasikia kicheko hana breki.

Nilikwenda bandani nikayashusha magunia, yote sita, nikajifunga manne kiunoni kama sketi na mawili mabegani, nikasema mke mpya wa Thadei ndiyo huyu, ameletwa na marehemu mwenyewe, na hii ndiyo nguo yake ya harusi. Kisha nikafunga mdomo wa pipa kwa khanga nikapiga fundo, nikalikalia, nikatangaza kwamba maji haya yamefiwa, leo hayafanyi kazi. Anayeyataka na akomboe. Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa mtaa akatoka nje ya uzio kujificha.

Ambrosi akaja kujadiliana, ndiyo desturi. Nikataka ndoo ya karanga na jogoo. Akasema jogoo yuko njiani. Tukakubaliana ukombozi ni tukirudi makaburini. Hilo nalo ni jambo la kawaida.

Ilipokaribia saa sita Thadei aliniita. Nilikwenda na magunia yangu mwilini, yameshaanza kukauka, yananiwasha. Alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, hajala tangu jana.

"Obadia," alisema. "Rudisha magunia. Jua limepanda."

"Nirudishe niende uchi?" nikasema kwa sauti ya watu wote. "Bwana harusi gani anamvua mkewe hadharani?"

Wanaume kwenye mkeka wakacheka. Thadei hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Lifungue pipa, basi. Rosine atawajazia ndege mabeseni."

"Maji yana matanga. Mwambie kaka yako alete jogoo."

Wakacheka tena. Thadei akanishika mkono, kwa nguvu isiyo ya mtu aliyekesha, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Binamu, nakuomba."

Katika maisha yetu yote Thadei hakuwahi kuniomba kitu. Mtani haombi, mtani anachukua. Angetaka pampu yangu angeichukua na kuniacha nikiitafuta sokoni kutwa. Neno lile lilitoka nje kabisa ya utani, nami nililisikia. Sitaki mtu anitetee hapa kwa kusema sikuelewa. Nilielewa. Ila wanaume walikuwa wameinua nyuso wanasubiri nitajibu nini, na jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Jamani," nikasema, "mmemsikia? Mke wa jana hajazikwa, mwenzenu anambembeleza wa leo sikioni."

Ua ulilipuka. Thadei aliuachia mkono wangu.

Saa saba na nusu tulitoka na jeneza. Rosine alinifuata langoni, akaniambia, "Kaka Obadia, nimepita kule nyuma, ndege wanahema midomo wazi. Nifungue pipa?" Nikamwambia wanamlilia mama yao, waache walie, pipa liko chini ya mtani. Akaguna, lakini akatii. Yeye si wa kwetu, aliogopa kuvunja mila ya watu. Na mimi nilijiambia kwamba nyasi ziko juu, mpasheni uko magharibi, saa mbili tatu siyo kitu.

Mpasheni ulikuwa umekauka nusu kwa kiangazi, na hakukuwa na kiupepo. Kaburi lilikuwa gumu, tulikuta vijana bado wanachimba, sululu zilivunjika mipini miwili. Padri alichelewa. Tulimfukia Bibiana, tukaweka mashada, hotuba zikawa ndefu. Nilisimama juani na magunia mabegani kwa sababu mtani havui mpaka akombolewe, na jasho lilinitoka mpaka nikaona giza. Hapo ndipo nilipowakumbuka. Niliwakumbuka kwa mwili wangu mwenyewe, siyo kwa huruma. Ningeweza kuondoka. Bodaboda zilikuwepo. Lakini mkubwa wa watani anaondokaje kaburini kabla ya udongo kutulia?

Tulirudi saa kumi na nusu.

Thadei alipita mlango wa nyumba hakuingia, akazunguka nyuma moja kwa moja na koti lake la kanisani lenye vumbi. Nikamfuata nikifungua fundo la magunia, na fundo likakataa. Bandani kulikuwa kimya. Njiwa wengi walikuwa chini upande wa mashariki, wamebanana kwenye neti mahali ambapo magunia hukaa, kana kwamba wangeyafikia. Wengine wamelala ndani ya mabeseni, na mabeseni yalikuwa makavu. Walioatamia hawakuwa wametoka kwenye viota. Walikufa juu ya mayai. Kanga wawili walikuwa hai kwenye kona, na njiwa watano, mabawa yameachana na mbavu.

Thadei alivua koti akaliweka chini. Akachukua kopo, akalifungua pipa kwa kulifumua fundo la khanga kwa sindano yake, akaanza kulowesha miguu ya wale waliobaki. Miguu kwanza, kisha chini ya bawa. Nilitaka kumsaidia, nikakuta mikono yangu haijui ianzie wapi. Alipomaliza na walio hai akaanza kuwaokota wafu, akiwakunja mabawa kila mmoja kabla ya kumweka. Walikuwa thelathini na wanne. Watu walijaa nyuma yetu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na nilimsikia mtu analisema hilo nyuma yangu, taratibu, naye akanyamazishwa.

Nilisubiri tusi. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote, hata la mama yangu kaburini. Nilikuwa na njaa nalo. Lingekuja, ningelijibu, tungeanza kutoka hapo, hata kama ingechukua miaka.

Thadei alimgeukia kaka yake. "Ambrosi, mpe mtani haki yake."

"Thadei," nikasema, "acha hayo."

"Magunia yalikamatwa. Yanakombolewa. Mpe."

Ambrosi akaleta ndoo ya karanga, na jogoo alikuwa ameshafika. Nilipewa mbele ya watu wote, nami nikapokea, kwa sababu mtani akikataa ukombozi anamwachia mfiwa mkosi. Nikayavua magunia yale sita, makavu, nikamkabidhi. Akayakunja vizuri, pembe kwa pembe, akaniambia, "Asante kwa kutusaidia kumzika Bibiana."

Nikarudi Majengo na jogoo chini ya kwapa. Dorice hajamchinja mpaka leo, anamwita wa msiba.

Wale kanga wawili walikufa wiki ileile. Thadei alizishusha nyavu baada ya arobaini, na njiwa watano wakahamia kwenye paa la shule. Hakuwafuata. Akarudi kwenye maturubai yake, ila alihamisha kiti. Sasa anakaa upande wa pili wa barabara, karibu na wauza mbao, akisema kule kuna kivuli. Kivuli hakuna. Nimepima.

Nimejaribu kuomba radhi. Mtani haombi radhi, haina namna yake, hatukuwekewa maneno hayo. Nilikwenda kwa katekista akaniambia niongee na Mungu. Nikaongea. Mungu alisamehe haraka sana, nikajua si yeye niliyemkosea.

Mwezi wa tisa mwaka huu nilikwenda Sibwesa kwa ndugu wa mke wangu, nikapata kanga wanne, vijana, wenye afya. Nikanunua na magunia mapya ya katani. Nilifunga vyote nyuma ya baiskeli, nikaendesha mpaka Makanyagio jua likiwa utosini. Nilipofika langoni sikupiga hodi. Niliingia moja kwa moja hadi jikoni kama zamani, nikafunua chungu. Kilikuwa kitupu. Thadei akatokea mlangoni, amekonda, kola ya shati imemzidi shingo.

"Wewe mchawi," nikamwambia, "umewala ndege ukala na mke, sasa unakula nini?"

Lilikuwa tusi baya kuliko yote niliyowahi kumtupia. Nilikuwa nimelitunga njia nzima, kilomita kwa kilomita, nikijua ama litamvunja ama litamrudisha.

"Karibu, Mzee Obadia," alisema. "Pole kwa jua. Karibu ndani, hapo jikoni pana moshi."

Akanipa kiti, kile chenye mto, yeye akakaa kigodani. Akaniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe kwa mikono miwili. Akaniuliza hali ya Dorice, hali ya watoto mmoja mmoja kwa majina, hali ya kazi. Nikamwambia kazi ni mbovu tangu ahamishe sura yake mbaya. Akasema Mungu atasaidia. Nikamwonyesha kanga. Akawashika kifua, akawaangalia macho, akasema ni ndege wazuri na amefurahi sana kukumbukwa.

"Neti ziko wapi tukazifunge?" nikauliza.

"Utachoka bure, Mzee. Wewe ni mgeni, pumzika."

Akatoka nao nyuma. Nikabaki kwenye kiti chenye mto nikisikiliza. Nilisikia kisu kikinolewa kwenye jiwe. Nilitaka kuinuka, kumpokonya kisu, kumkimbiza ua mzima kama tulivyofanya tukiwa vijana kwa ajili ya kipande cha muhogo. Lakini mgeni haingii uani kwa mwenyeji wake. Nilikaa.

Alipika mwenyewe, ilichukua muda mrefu. Akaleta ugali umefunikwa, na bakuli la kanga, na kisahani kidogo pembeni. Akakisogeza mbele yangu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameushika kiwikoni, vile tunavyowapa wakwe. Ndani yake kulikuwa na firigisi.

"Karibu, Mzee," alisema. "Sina kingine cha kukuheshimu."

Nikanawa. Nikaila yote, polepole, naye alikaa ameinamisha macho mpaka nilipomaliza.